Tembo la Tanga halina nyota!

Wiki hii tunakwenda kunywa. Wasiotumia msininunie, dafu lipo, na mnazi ni huohuo.

Juzi nilitembelewa na mshikaji wangu wa Dar. Siku hizi si mnywaji tena huyu, ni mtaalamu. Bia tulizozoea hazitaki. Anasaka zile za viwanda vidogo, mara inanukia embe, mara kahawa, na kila akimaliza glasi anachomoa simu. Ana programu iitwayo Untappd, iliyoanzia Marekani mwaka 2010. Unaandika bia uliyokunywa, unaipa nyota kati ya tano, na wenzako dunia nzima wanaona. Bwana wee, kijana amejaza bia mle utadhani ana baa!

Akaniuliza, "Tanga kuna nini?" Nikamwambia kuna tembo. Akaanza kunisimulia Tusker ya Kenya, kwamba ilipewa jina hilo kwa ajili ya tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, mwaka 1923. Si huyo, bwana! Tembo la mnazi.

Sasa hilo utalipa nyota ngapi, wakati la asubuhi si la jioni? Mgema anapanda mara mbili kwa siku, kotama kiunoni. Anakata ncha ya ua la mnazi likiwa bado limejifunga ndani ya karara, anatundika kibuyu, utomvu unadondoka polepole. Likitoka tu ni tamu, hata mtoto angelipenda. Hamira haitiwi, chachu inatoka hewani na ndani ya kibuyu chenyewe, kwa hiyo linaanza kuumuka likiwa hukohuko juu. Baada ya saa chache linatoa povu na kukuchoma ulimi kidogo. Hapo ndipo penyewe! Likilala hadi kesho limekuwa kali na limechachuka, na ukilisahau siku kadhaa una siki ya kutilia kachumbari. Ukilifunga kwenye chupa ulipeleke Dar kwa basi, omba Mungu kizibo kisiruke Segera.

Ndiyo maana sisi huku hatuulizi jina la kinywaji. Tunauliza: kagema nani, na limeshuka saa ngapi? Mimi mwaka jana sikuuliza. Nikauziwa kitu pembeni ya mji, cheupe kweli, povu kweli, kumbe ni maji, sukari na hamira. Tumbo liliimba taarabu siku mbili.

Basi nikamchukua mshikaji mpaka kwa mzee mmoja, njia ya Pangani. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, kaeni." Tukakaa kwenye gogo, tukamiminiwa. Mtaalamu akanusa, akaonja, akanyamaza. Kata ya tatu ndiyo akamwuliza mzee, kama ni yeye angejipa nyota ngapi.

"Nyota mtaziona mkisimama," mzee akajibu.

Tukacheka mpaka machozi. Lakini mimi nilikuwa namtazama magoti. Zamani mzee huyu alikuwa anagema minazi ishirini, sasa sita. Mingine nyuma ya nyumba imebaki nguzo tupu, haina kichwa: ugonjwa wa kunyong'onyea huo, uliomaliza minazi mingi pwani yetu. Wanawe wawili wanaendesha bodaboda mjini. Siwalaumu hata kidogo. Mnazi mrefu wetu huu unapita mita 20, unapandwa kwa ngazi zilizochongwa kwenye shina, kamba huna, bima huna, na mvua ikinyesha utelezi ni uleule, kwa sababu ukiacha siku moja ua linakauka na tembo linakata. Halafu mnunuzi anakuja kubishania mia mbili! (Nami nimo.)

Jua likaelekea kuzama. Mshikaji akachomoa simu, akataka jina la mzee na la kijiji ili amwandike mle, wapenzi wa pombe za asili wamfuate. Mzee akafunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Usiniandike, mwanangu. Wakija mia, nani atapanda?"

Mshikaji akarudisha simu mfukoni. Jumamosi tunarudi tena, saa kumi na moja jioni, na safari hii amesema atakwenda na wale vijana wa bodaboda, anataka kuzungumza nao. Nitawaambia walichomjibu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.