Baiskeli ya Binti

Mama mmoja wa hapa Mombasa atuuliza: bintiye asomaye Chuo Kikuu cha Kabianga, huko Kericho kwenye mashamba ya chai, ataka baiskeli ya kumpeleka darasani. Je, yafaa?

Kwa rai yangu, yafaa. Akiikosa atapanda bodaboda, abanane nyuma ya mwanamume asiyemjua. Na hilo hatulisemi, ila mwanamke akiendesha mwenyewe ndipo tunapoinua macho. (Nayo bodaboda ilianza kwa baiskeli, zikivusha abiria mpakani Busia.)

Lakini mama ajue kwamba Kericho si Kisauni. Mji ule uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, vilima vyafuatana, na mvua ya alasiri ni ada. Penye mlima atashuka asukume, si aibu. Hatari iko mteremkoni, njia ikiwa na utelezi: breki zote mbili azikague kila asubuhi. Mnyororo uwe na kifuniko, na buibui refu lisiburure karibu nao. Avae gauni la kufika kifundoni na suruali pana ndani. Helmeti ikae juu ya mtandio mwepesi. Taa ya nyuma asiikose, kwani huko mawingu hutanda mapema.