Mirambo na Njia ya Pembe

Wasomaji waliopata kusoma habari za Genghis Khan, yule Mmongolia aliyetawazwa mwaka 1206, huuliza kama Afrika ya Mashariki nayo iliwahi kumwona mtu wa namna hiyo. Kwa maoni yangu alikuwako, naye ni Mirambo wa Unyamwezi.

Alizaliwa yapata mwaka 1840 katika Uyowa, nchi ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Watemi walikuwa wengi siku zile, kila mmoja na vijiji vyake. Mirambo akawashinda jirani zake mmoja baada ya mmoja. Askari wake, ruga-ruga, walikuwa vijana wasio na mke wala shamba, wengine mateka na watoro. Aliwapa bunduki na fungu la nyara, akawazoeza kwenda upesi na kushambulia alfajiri, kama walivyofanya Wangoni.

Nguvu yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa njia. Misafara ya pembe kati ya Tabora na Ujiji ilipita karibu naye, naye alitaka hongo. Mfanya biashara ye yote wa miraa hapa Maua ataelewa jambo hili bila kufundishwa: mzigo ukilala njiani, bei nayo imelala.

Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, na Stanley pamoja nao. Waliteka mji mmoja, wakajitwisha pembe na watumwa. Walipokuwa wakirudi, Mirambo akawavizia kando ya njia akawaua wengi. Siku chache baadaye aliingia Tabora yenyewe akachoma nyumba. Stanley ikambidi azunguke kwa kusini ili afike Ujiji kumtafuta Livingstone. Sultani Barghash naye alituma askari kutoka Unguja, wasiweze kumshinda. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana naye udugu.

Tofauti ilionekana baada ya kifo. Genghis Khan alikufa mwaka 1227, lakini mwaka 1229 wakuu walikutana wakamtawaza mwanawe Ögedei, na mwaka 1258 Wamongolia waliteka Baghdad. Jeshi lao lilipangwa kwa makumi, mamia na maelfu, koo zikichanganywa, hata askari akamtii mkuu wa kikosi chake kuliko mzee wa ukoo. Mirambo aliacha kila nchi aliyoishinda mikononi mwa ukoo ule ule wa watemi, akichagua tu ndugu aliye mtiifu. Utii huo ulikuwa kwake yeye mwenyewe. Wameru hawatashangaa, kwa maana Njuri Ncheke ni baraza la wazee wengi, na akifa mmoja shauri huendelea.

Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884. Watemi wakajitenga, ruga-ruga wakatafuta mabwana wengine. Wadachi walipopandisha bendera Tabora mwaka 1890, hawakukuta dola yake ya kupigana nayo, ila Urambo, utemi mmoja kati ya mingi.