Tembe ya Kwihara ni ya Nani?

Nje kidogo ya Tabora, huko Kwihara, kwenye njia ya misafara ya kwenda Ujiji, ipo nyumba ya tembe ambayo watu huiita nyumba ya Livingstone. Mzungu huyo alikuwa mgeni tu. Alikaa humo miezi michache mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani, akaenda zake. Tembe tunayoiona ilijengwa upya mwaka 1957.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu moja kwa moja kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho chafaa mawe ya Kilwa. Lakini tembe ni boriti na udongo. Isipokandikwa, mvua za msimu mmoja zatosha kuivujisha, na mchwa humaliza kazi. Nyumba hizo zilidumu kwa kuwa kila kizazi kilikandika upya. Basi kilicho cha kale hapo si ukuta bali ni ufundi, nao sheria haiutaji mwaka wake.

Ndugu walimu wa Tabora, kazi hii haimhusu mlinzi wa makumbusho peke yake. Wapelekeni wanafunzi kwa wazee wanaojua bado kuezeka tembe. Wapime, wachore, wakande udongo kwa mikono yao. Wazee hao wanapungua kila mwaka.