Wapeni Wapemba muda wa kupata vitambulisho

Mhariri,

Hoteli moja hapa Malindi imewaamuru wafanyakazi wa miaka mingi, waosha vyombo na watunza bustani, walete vitambulisho kuthibitisha haki yao ya kufanya kazi Kenya. Asiyeleta kufikia mwisho wa mwezi, asirudi. Baadhi ni Wapemba, jamii yenye asili ya kisiwa cha Pemba. Serikali iliwatambua kuwa raia mwaka 2023, na Rais Ruto mwenyewe akaja Kilifi kuwakabidhi vitambulisho. Lakini wapo wanaosubiri bado, na kikaratasi cha kusubiria kimekunjwa hadi kinachanika. Mbona jasho lao halikuulizwa cheti? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka sababu halali kabla ya kumwachisha mtu kazi, na mfanyakazi asikilizwe kwanza. Afisa wa leba aingilie kati kabla mwezi haujaisha.

Msomaji,
Malindi