Mashine Mpya za Eksirei: Tuulize Zina Jicho Gani

Serikali imeamua kuachana na ule mtindo wa kaunti kukodi mashine za hospitali kwa kima cha mwaka. Katika mpango mpya, kampuni inaleta mashine, inaitunza, kisha inalipwa kwa kila huduma anayopata mgonjwa, pesa zikipitia SHA. Wengi wameufurahia, na mimi naelewa kwa nini. Mkataba wa 2015 ulituuma. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikawa milioni 200, mashine ifanye kazi isifanye. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo ilikuta vifaa vimekaa bure katika baadhi ya kaunti kwa kukosa umeme, chumba au mtaalamu.

Hata hivyo, kulipa kwa kila picha nako kuna lake. Anayelipwa kwa picha hatachukia picha zikizidi, na eksirei si kama kipimo cha malaria. Kila picha ni mionzi inayopita mwilini. Picha ya kawaida ya kifua ni kidogo sana, takriban milisiveti 0.1. CT ya tumbo na nyonga huwa karibu 8, yaani kama vifua themanini kwa mpigo mmoja. Sisemi watu waikimbie CT. Aliyegongwa na bodaboda akaumia kichwa anaihitaji saa hiyo hiyo. Nasema tujue kiasi hicho hupangwa na nini.

Sehemu kubwa hupangwa na kitambuzi, yaani lile jicho lililo upande wa pili wa mwili linalopokea mionzi iliyofanikiwa kupita. Jicho likiwa hafifu, fundi hana budi kuongeza mionzi ndipo picha isomeke.

Mfano wake ni banda la samaki. Vitambuzi vya CT tulivyozoea hupima tenga zima kwenye mizani. Fuwele hugeuza eksirei kuwa mwanga, mwanga hugeuzwa umeme, na vyote hujumlishwa pamoja. Unapata kilo, lakini barafu na maji navyo vimo ndani ya kilo hizo. Vitambuzi vipya vya semikondakta, kwa mfano vya kadimiamu teluraidi, huhesabu samaki mmoja mmoja. Kila fotoni ya eksirei ikigonga huzaa umeme papo hapo, na chipu iliyo chini yake huihesabu na kuipima nguvu. Barafu haihesabiwi. Tena, kwa kuwa nguvu ya kila fotoni inajulikana, mashine huweza kutenganisha chokaa ya mfupa na dawa ya ayodini aliyodungwa mgonjwa, kama vile mchuuzi anavyotenga changu na tafi.

Kazi hii ilianzia mbali na hospitali. Wanafizikia wa CERN, karibu na Geneva, walikuwa wakitafuta namna ya kunasa njia za chembe ndogo mno, na chipu za Medipix zikazaliwa humo. Medipix3 ina pikseli 256 kwa 256, kila moja mikromita 55. Kulikuwa na tatizo moja lililowasumbua: fotoni ikiangukia mpakani, umeme wake hugawanyika kati ya pikseli jirani, samaki mmoja akahesabiwa vipande viwili. Medipix3 iliundwa ili majirani washauriane, umeme wote ujumlishwe na kupewa mmoja wao. Kwangu mimi hapo ndipo penye ustadi wenyewe, ingawa magazeti yalishangilia rangi tu.

Rangi hizo zililetwa na baba na mwana wa New Zealand, Phil Butler mwanafizikia na Anthony Butler daktari wa picha. Walijenga mashine juu ya chipu hiyo, na 2018 dunia ikaonyeshwa picha za kwanza za rangi, za pande tatu, za viungo vya mtu aliye hai. Mtu mwenyewe alikuwa Phil. Septemba 2021 Marekani ikaidhinisha mashine ya Siemens ya CT inayohesabu fotoni kwa ajili ya hospitali.

Sitarajii mashine hiyo ishushwe Msambweni au Lamu kesho. Bei yake haishikiki. Lakini suala la jicho lipo hata kwenye eksirei ya kawaida. Kuna ya filamu, kuna ya kaseti, kuna ya bapa la kidijitali, na bapa lililochoka hutoa picha zenye madoa ambazo lazima zirudiwe. Mgonjwa hupigwa mionzi mara mbili. Je, kampuni nayo italipwa mara mbili? Mkataba unapaswa kujibu hilo kwa maandishi, pamoja na aina ya kitambuzi, umri wake, na siku ngapi kinaruhusiwa kulala kibovu. Mwaka 2015 magavana walilalamika kwamba wanakatwa pesa kwa mkataba wasioonyeshwa. Safari hii wawakilishi wetu wa wadi wauitishe mapema.

Na kuna jambo lisilogharimu hata senti. Mashine za CT za kisasa hurekodi zenyewe kiasi cha mionzi baada ya kila kipimo. Takwimu hiyo hubaki kwenye kompyuta ya chumba cha picha. Iandikwe kwenye ripoti ya mgonjwa, chini ya jina lake, ili daktari wa Malindi ajue mtoto aliye mbele yake ameshapigwa picha ngapi Mombasa kabla hajaagiza nyingine.