Kitabu cha babu huenda kipo maktaba

Katika familia nyingi yupo mzee aliyewahi kuandika kitabu: cha hadithi, cha kilimo au cha historia ya kabila lake. Mzee akishafariki, nakala huazimwa zisirudi, nyingine huliwa na mchwa, na wajukuu hubaki na jina tu. Kabla ya kukata tamaa, ni vyema familia itazame katalogi za maktaba za taifa.

Katalogi ni orodha inayotaja mwandishi wa kila kitabu, jina la kitabu, mchapishaji, mji, mwaka, na namba inayoonyesha rafu. Namba hiyo hufuata mada. Katika mpango wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaotumika maktaba nyingi duniani, fasihi ya Kiswahili ina namba 896.392, hivyo riwaya na tenzi hukaa jirani.

Orodha za mbali nazo zina faida. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya vitabu vya Afrika Mashariki. Kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam miaka ya 1970 kinaweza kuwa Washington wakati nyumbani hakipo. Katalogi yake hutazamwa bure kwenye intaneti, na mwaka 2017 iliruhusu rekodi milioni 25 zichukuliwe bure. Maktaba nyingine huzitumia rekodi hizo badala ya kuandika upya.

Kikwazo kikubwa ni majina. Mzee mmoja anaweza kuandikwa Shabani, Shaabani au Shaaban. Wakutubi huchagua namna moja na kuziunganisha nyingine nayo, lakini wasiomfahamu mwandishi huweza kukosea. Anayetafuta ajaribu kila namna, aanze na jina la ukoo, kisha jina la kitabu.

Hata hivyo, kuiona rekodi si kukipata kitabu. Katalogi huonyesha kilipo tu. Rekodi inakiliwe yote daftarini, namba zikiwemo, ipelekwe kwa mkutubi wa maktaba ya karibu aulizwe namna ya kupata nakala.

Na kama kitabu hakimo katika orodha yoyote, huenda mzee alikichapisha mwenyewe na hakikuwahi kupelekwa maktaba. Familia yenye nakala ya mwisho kabatini iipeleke kwa mkutubi iandikwe, kabla mchwa hawajaifikia.