Bunia: Kuku wanakula sehemu bora ya nafaka, watoto wetu tunawanunulia biskwi

Kila asubuhi, mbele ya shule nyingi za mji wa Bunia, mtoto anapewa franga, anakimbia kibandani na kurudi na pakiti ya biskwi. Soma maandishi ya nyuma: unga mweupe wa ngano, sukari, mafuta ya mawese. Nyingi zinatoka Uganda au mbali zaidi, na mpaka ukifungwa bei inapanda.

Sasa twende kwenye mashine ya kusagia. Mahindi yanakobolewa kwanza ili fufu iwe nyeupe, kisha kapi linauzwa kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, madini ya chuma na vitamini nyingi za kundi B. Tunalipa mashine ili itunyang'anye chakula! Ulezi nao, wenye kalsiamu nyingi kuliko ngano na mchele, tumeuachia uji na pombe ya kienyeji.

Mimi naona biskwi ya mtoto inaweza kutoka jikoni mwetu. Haihitaji umeme wala tanuri. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ulezi usiochekechwa, kimoja cha unga wa ngano, yai moja, ndizi mbili zilizoiva sana, mafuta vijiko vitatu na chumvi kidogo. Ngano usiiondoe yote: ulezi peke yake haushikani, na biskwi zangu za kwanza zilivunjika kama udongo mkavu. Kanda, tandaza ziwe nyembamba. Pasha mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa juu ya mbabula, weka sahani ya bati yenye biskwi, funika, kisha weka makala machache juu ya mfuniko. Baada ya dakika ishirini hivi, chungulia.

Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini, kwa hiyo unachacha upesi. Saga kidogo kidogo. Nafaka yenye ukungu usiitumie, hata kuku usiwape.

Sukari? Ndizi inatosha. Ukimwaga vikombe viwili vya sukari ndani ya ulezi, umetengeneza pipi ya rangi ya kahawia. Na mtoto aliyekonda au kuvimba miguu apelekwe kituo cha afya. Biskwi si dawa.

Najua mama anayeuza sokoni mchana kutwa atauliza: saa ngapi, na makala ya nani? Ana haki. Ndiyo maana majirani watatu wakioka pamoja Jumamosi, mbabula moja inatosha, na biskwi zikikauka vizuri zinakaa siku kadhaa ndani ya kopo lililofungwa. Tatizo zito zaidi liko mashambani: wakulima waliokimbia vita Djugu hawavuni, na bila wao hata ulezi utatushinda bei.

Siku hizi nikifika mashineni namwambia kijana asikoboe mahindi yangu. Kila mara ananiuliza nina kuku wangapi.